Abasia ya Fontenay: Mawe, Maji na Kazi ya Mikono

Tunapofundisha historia ya Ulaya ya Zama za Kati katika shule zetu za sekondari, kwa kawaida tunawataja wafalme, mapapa na vita vya msalaba. Ni nadra sana kuwataja mafundi waashi, wahunzi na wachimba mifereji. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi humaliza masomo akidhani kwamba miaka elfu moja ilipita bila mtu yeyote kufikiri juu ya kani, nishati au vipimo. Dhana hiyo si sahihi, na njia mojawapo ya kuisahihisha ni kulichunguza kwa makini jengo moja lililobaki kutoka nyakati hizo.

Katika makala haya tutalichunguza jengo la namna hiyo, nalo ni Abasia ya Fontenay, iliyoko karibu na mji mdogo wa Montbard katika jimbo la Burgundy, mashariki ya Ufaransa. Abasia hii ilijengwa katika karne ya 12, ikakaliwa na watawa kwa zaidi ya miaka 670, ikageuzwa kiwanda cha karatasi, na hatimaye ikarudishwa katika umbo lake la kale. Tutaeleza kwanza watawa hao walikuwa nani, kisha tutazame jinsi walivyopanga makazi yao, walivyoezeka kanisa kwa mawe matupu, na walivyotumia maji kuendesha nyundo. Mwisho tutajadili swali ambalo ni gumu zaidi ya yote hayo: jengo la kale likipoteza kazi yake, lihifadhiwe kwa namna gani?

Watawa na Kanuni yao

Monasteri ni nyumba ambamo watawa huishi pamoja wakifuata kanuni moja. Kiongozi wao huitwa abati, na monasteri iliyo chini ya abati huitwa abasia. Katika karne ya 6 mtawa wa Italia, Benedikto wa Nursia, aliandika Kanuni iliyoenea baadaye katika Ulaya nzima ya magharibi. Kanuni hiyo inaigawa siku katika sehemu tatu: sala, kusoma na kazi ya mikono. Tena inaagiza kwamba, iwezekanapo, mahitaji yote ya lazima kama vile maji, kinu, bustani na karakana yawe ndani ya uzio wa monasteri, ili watawa wasitangetange nje. Agizo hilo linaonekana dogo, lakini kwa kweli ndilo lililoifanya monasteri iwe mahali pa ufundi.

Wasomaji wa Tanzania hawana haja ya kwenda mbali kulielewa jambo hili. Wabenedikto walioanza kazi Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906 wanafuata Kanuni hiyo hiyo. Mtu aliyepata kuziona karakana na mitambo ya uchapaji ya abasia hizo mbili ataitambua mara moja fikra iliyoijenga Fontenay.

Hata hivyo, kufikia karne ya 11 monasteri nyingi za Ulaya zilikuwa zimetajirika, na kazi ya mikono ilikuwa imeachiwa watumishi. Mwaka 1098 kundi la watawa likiongozwa na Robert wa Molesme lilijitenga na kwenda kuishi Cîteaux, mahali penye msitu na maji yaliyotuama, ili kuifuata Kanuni kama ilivyoandikwa. Kutokana na jina la mahali hapo wafuasi wao waliitwa Wasistersi. Mashuhuri kuliko wote alikuwa Bernard, aliyeanzisha abasia ya Clairvaux mwaka 1115. Bernard alipinga vikali mapambo ya gharama katika makanisa ya watawa. Aliona kwamba sanamu za wanyama wa ajabu na dhahabu ukutani huvuta macho na kuitawanya akili. Alipofariki mwaka 1153 shirika lake lilikuwa na monasteri zaidi ya 300.

Ndani ya kila monasteri ya Wasistersi kulikuwa na makundi mawili. Kundi la kwanza ni watawa wa kwaya, waliosali na kuimba kanisani mara kadhaa usiku na mchana. Kundi la pili ni mabradha wa kazi, ambao wengi wao walitoka katika familia za wakulima na hawakujua kusoma. Hao ndio waliolima, waliochunga kondoo, waliochonga mawe na kufua chuma. Majina yao hayakuandikwa, nasi hatuna budi kukumbuka kwamba sehemu kubwa ya tutakayoyaeleza hapa ilitoka mikononi mwao.

Bonde la chemchemi

Fontenay ilianzishwa na Bernard mwenyewe mwaka 1118, ingawa vitabu vingine huutaja mwaka 1119. Abati wa kwanza alikuwa Godefroy de la Roche-Vanneau, jamaa yake Bernard. Mwaka 1130 hivi watawa walihamia mahali abasia ilipo hadi leo, katika bonde jembamba lililozungukwa na msitu. Jina Fontenay lenyewe linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya chemchemi, na bonde hilo lilikuwa na maji mengi kupita kiasi. Kazi ya kwanza ya watawa, kabla hata ya kuchonga jiwe moja, ilikuwa kuyaongoza maji hayo kwa mifereji na mabwawa.

Kanisa lilianza kujengwa mwaka 1139. Fedha nyingi zilitolewa na Ebrard, askofu wa Norwich nchini Uingereza, aliyekuja kumaliza maisha yake Fontenay. Tarehe 21 Septemba 1147 kanisa liliwekwa wakfu na Papa Eugenius wa Tatu, ambaye hapo awali alikuwa mtawa wa Clairvaux. Hivyo kazi ilichukua miaka minane tu. Tukikumbuka kwamba makanisa makuu mengi ya mijini yalichukua miaka 100 na zaidi, twaweza kuona faida ya kujenga kwa ramani iliyo sahili.

Ramani ya monasteri na njia ya jua

Kitovu cha monasteri si kanisa, bali ni ua wa mraba uliozungukwa na baraza iliyoezekwa. Huko Fontenay ua na baraza zake vina meta 36 kwa 38. Kutoka katika baraza mtu aliweza kuingia katika vyumba vyote bila kunyeshewa. Upande wa kaskazini lipo kanisa. Upande wa mashariki upo ukumbi wa mikutano, ambamo kila siku ilisomwa sura moja ya Kanuni, na juu yake lipo bweni refu ambamo watawa wote walilala. Upande wa kusini lilikuwapo bwalo la chakula, pamoja na chumba chenye moto ambamo waandishi walijipasha joto wakati wa baridi. Mpango huu ulirudiwa katika monasteri nyingi za Wasistersi, kiasi kwamba mtawa aliyetoka Ufaransa kwenda Uingereza au Polandi aliweza kutembea katika nyumba ya ugenini karibu bila kuuliza njia.

Hapa mwanafunzi wa jiografia anaweza kuuliza: kwa nini kanisa liwe kaskazini ya ua na si kusini? Jibu linapatikana katika hesabu ndogo. Fontenay iko katika latitudo 47.6 kaskazini. Katika siku fupi kuliko zote, mwezi wa Desemba, jua la saa sita mchana huwa upande wa kusini, na kimo chake juu ya upeo wa macho ni:

90 – 47.6 – 23.4 = nyuzi 19

Kwa kulinganisha, siku hiyo hiyo hapa Dar es Salaam jua la saa sita huwa juu kwa nyuzi 73 hivi. Basi tuchukue kwamba kanisa lina kimo cha meta 16. Urefu wa kivuli chake ni 16 kugawanya kwa tanjenti ya nyuzi 19, yaani 16 ÷ 0.344, ambayo ni meta 46 na zaidi. Kanisa hilo lingewekwa kusini, kivuli chake kingeufunika ua wote wa meta 38, na watawa wangekaa gizani na katika baridi majira yote ya kipupwe. Likiwa kaskazini, kivuli chake huangukia nje, na tena ukuta wake huukinga ua dhidi ya upepo baridi. Walipolazimishwa na mahali maji yalipo, Wasistersi mara nyingine waliupindua mpango huu, lakini walipokuwa na hiari waliuchagua upande wa jua.

Dari la mawe

Kanisa la Fontenay lina urefu wa meta 66. Ukumbi wake mkuu una upana wa meta 8 hivi, na umefunikwa kwa dari la mawe ambalo kilele chake kiko takriban meta 16 juu ya sakafu. Hakuna boriti wala chuma kinachoyashikilia mawe hayo. Yamekaa hapo kwa zaidi ya miaka 870. Yanawezaje?

Jiwe lina tabia ambayo kila mwashi anaijua: hustahimili sana kukandamizwa, lakini hukatika upesi linapovutwa. Tukilaza jiwe refu juu ya kuta mbili, uzito hulipinda kidogo. Sehemu ya juu ya jiwe hukandamizwa na sehemu ya chini huvutwa. Ufa huanzia chini, na jiwe hukatika katikati. Kwa hiyo haiwezekani kuvuka meta 8 kwa jiwe lililolazwa. Njia pekee ni kuyapanga mawe madogo katika umbo la tao, ili kila jiwe limkandamize jirani yake na pasiwe na jiwe linalovutwa. Dari la Fontenay ni tao moja lililorefushwa kama pipa lililopasuliwa kwa urefu wake.

Lakini tao lina gharama yake. Kila tao husukuma miguu yake nje, nalo halipumziki kusukuma usiku wala mchana. Kuta zikishindwa kuuzuia msukumo huo, hufunguka taratibu, na dari huanguka. Kiasi cha msukumo twaweza kukikadiria kwa kanuni ifuatayo, ambayo ni sahihi kabisa kwa tao la umbo la parabola lenye mzigo uliotandazwa sawasawa, na inatosha kwa makadirio ya matao mengine:

H = wL² ÷ 8h

Hapa H ni kani ya kusukuma nje, w ni uzito kwa kila meta ya upana unaovukwa, L ni upana huo, na h ni kimo cha tao kutoka miguuni hadi kileleni. Tuchukue ukanda wa dari wenye unene wa meta 1, na kwa ajili ya mfano tuseme una uzito wa kilonyutoni 10 kwa kila meta. Tao likiwa nusu duara kamili, kimo chake ni nusu ya upana, yaani meta 4. Basi H ni 10 × 64 ÷ 32, ambayo ni kilonyutoni 20. Sasa tulivute tao juu mpaka liwe na ncha, na kimo kiwe meta 5. H inakuwa 10 × 64 ÷ 40, yaani kilonyutoni 16. Msukumo umepungua kwa sehemu moja ya tano bila kupunguza upana wa kanisa. Ndiyo sababu dari la Fontenay lina ncha. Watu wengi hudhani kwamba ncha hiyo ni pambo. Kumbe ni nafuu kwa kuta.

Nafuu hiyo peke yake haikutosha, kwa hiyo mafundi waliongeza jambo la pili, nalo ni la busara zaidi. Kushoto na kulia kwa ukumbi mkuu kuna njia za pembeni, na kila njia imegawanywa katika sehemu nane. Kila sehemu imefunikwa kwa dari dogo la pipa, lakini mapipa haya yamelazwa kukingama, si sambamba na dari kuu. Pipa la mawe huwa gumu sana kwa kufuata urefu wake. Kwa hiyo msukumo wa dari kuu unapofika ukutani hukuta safu ya mapipa manane kila upande, yote yamesimama dhidi yake kama watu wanane waliotegemeza mabega. Na je, msukumo wa mapipa madogo yenyewe huenda wapi? Kila pipa humsukuma jirani yake, na jirani humsukuma yeye, na kani hizo mbili hufutana. Ni mapipa ya mwisho tu yanayohitaji ukuta mzito, na mwishoni kuta nzito zipo: ukuta wa mbele upande mmoja, na ule wa mkono wa kanisa upande wa pili.

Mpango huu nao ulidai malipo. Kwa kuwa dari kuu linaanzia mara tu juu ya matao ya pembeni, hapakubaki nafasi ya madirisha juu ya ukumbi mkuu. Mwanga huingia kutoka njia za pembeni na kutoka madirisha ya ncha mbili za kanisa. Katikati huwa na utusitusi. Kwa Wasistersi hilo halikuwa hasara, kwani hawakuwa na picha za kutazamwa. Walikusanyika kuimba, tena saa nyingi zilikuwa za usiku. Mawe matupu hurudisha sauti kwa muda mrefu, na nyimbo zao za taratibu zinapatana na mwangwi huo. Waliotaka mwanga zaidi walitafuta jibu lingine, na baada ya muda wajenzi wa makanisa makuu ya kaskazini ya Ufaransa waliegemeza dari zao kwa matao yaliyowekwa nje ya jengo, wakaweza kuzitoboa kuta na kuweka vioo.

Yafaa tuelewe kwamba mafundi wa Fontenay hawakuijua kanuni ya H tuliyoitumia. Isaac Newton alichapisha sheria zake za mwendo mwaka 1687, na Robert Hooke alieleza mwaka 1675 kwamba umbo bora la tao ni umbo la mnyororo unaoning'inia, likipinduliwa. Mafundi wa karne ya 12 walikuwa na bikari, kamba, kipimo cha timazi, na kanuni za uwiano walizorithi kwa mabwana wao. Walijenga, wakatazama nyufa, wakarekebisha. Hiyo nayo ni njia ya kupata maarifa, ijapokuwa hutoza gharama kubwa pale jengo linapoanguka.

Nyundo ya maji

Kusini ya ua kuna jengo ambalo wageni wengi hawalitazamii katika nyumba ya sala. Ni karakana ya wahunzi, yenye urefu wa meta 53 na upana wa meta 13.5, iliyojengwa kwa mawe mwishoni mwa karne ya 12 au mwanzoni mwa karne ya 13. Inahesabiwa miongoni mwa karakana za kale zaidi za namna hiyo zilizobaki Ulaya. Mawe ya chuma yalichimbwa katika kilima kilicho juu ya monasteri, makaa yalitoka katika msitu, na nguvu ilitoka katika kijito.

Kijito kilizuiwa kwa bwawa, na maji yakaongozwa kwa mfereji kupita kando ya karakana, ambako yaligeuza gurudumu. Gurudumu huzunguka, lakini nyundo yahitaji kupanda na kushuka. Mabadiliko hayo yalifanywa kwa kifaa sahili sana. Katika mhimili wa gurudumu palichomekwa meno machache. Mhimili ulipozunguka, jino moja liliukandamiza mkia wa mpini wa nyundo, na kichwa kikainuka. Jino lilipopita, kichwa kilianguka kwa uzito wake juu ya fuawe. Gurudumu likizunguka mara 10 kwa dakika, na mhimili ukiwa na meno manne, nyundo hupiga mara 40 kwa dakika. Kwa mpango wa namna hiyo hiyo maji yaliweza pia kuendesha mivukuto ya kupulizia moto.

Tukadirie uwezo wake kwa mfano. Uwezo wa maji yanayoanguka ni zao la uzito wa maji yapitayo kwa sekunde na kimo yanachoanguka. Tuseme maji ni lita 100 kwa sekunde na kimo ni meta 3:

100 × 9.8 × 3 = wati 2,940

Gurudumu la mbao likipoteza nusu ya hizo, hubaki wati 1,470. Mtu mzima anayefanya kazi kwa saa nyingi mfululizo hutoa wati 75 hivi. Kwa hiyo gurudumu moja la kiasi hicho lilifanya kazi ya watu wapatao 20, na halikuchoka. Kwa watawa waliotakiwa kuacha kazi na kwenda kanisani kila kengele ilipolia, mashine ambayo haikuhitaji kupokezana zamu ilikuwa na faida dhahiri.

Baada ya kugeuza gurudumu maji yaliendelea na safari yake. Desturi ya Wasistersi ilikuwa kuyatumia maji kwa mpangilio: kwanza yale safi ya kunywa na kupikia, kisha ya kuendesha mitambo, na mwisho ya kusafisha vyoo, huko chini ambako hayarudi tena jikoni. Kanuni hiyo ya afya bado ni ya kufundishwa leo katika shule yoyote yenye bweni.

Kutoka monasteri hadi kiwanda

Mwaka 1359, wakati wa Vita vya Miaka Mia, Fontenay iliporwa na majeshi ya Mfalme Edward wa Tatu wa Uingereza. Ilijengwa upya, na paa la bweni tunaloliona leo, la mbao za mwaloni zilizopindwa mfano wa jahazi lililogeuzwa juu chini, ni la karne ya 15. Pigo kubwa zaidi halikutoka kwa maadui. Tangu mwaka 1547 abati hakuchaguliwa tena na watawa, bali aliteuliwa na mfalme, na mara nyingi mteule huyo hakuishi hapo. Alipokea tu mapato. Fedha za kukarabati zikapungua. Katika karne ya 18 bwalo la chakula lilibomolewa.

Mapinduzi ya Ufaransa yalipotokea mwaka 1789 mali ya kanisa ilifanywa kuwa ya taifa, na mwaka 1791 Fontenay iliuzwa. Mnunuzi aliigeuza kiwanda cha karatasi. Sababu yake ilikuwa ile ile ya watawa: karatasi yahitaji maji safi mengi, na magurudumu ya kuponda matambara yahitaji nguvu ya maji. Mwaka 1820 kiwanda kilinunuliwa na Élie de Montgolfier, wa ukoo ule ule wa watengeneza karatasi ambao ndugu wawili kati yao, Joseph na Étienne, walirusha puto la hewa moto mwaka 1783. Baadaye aliishi hapo mhandisi Marc Seguin, aliyejenga daraja la kuning'inia juu ya mto Rhône huko Tournon mwaka 1825, na ambaye aliboresha birika la mvuke kwa kulipitishia mabomba mengi ya moto.

Sasa tulinganishe. Kanisa la abasia ya Cluny, lenye urefu wa meta 187 na lililokuwa kubwa kuliko makanisa yote ya Ulaya mpaka lilipojengwa upya lile la Mtakatifu Petro huko Roma, liliuzwa mwaka 1798 na kubomolewa kidogo kidogo ili mawe yake yauzwe. Leo imebaki sehemu ndogo tu. Clairvaux ilifanywa gereza tangu mwaka 1808 hadi mwaka 2023, na kanisa la Bernard halipo tena. Fontenay ilisalimika kwa sababu mwenye kiwanda alihitaji paa lisilovuja. Hakulipenda jengo kwa uzuri wake. Alilitumia, na kwa kulitumia akalitunza. Mwashi yeyote atatuambia kwamba jengo la mawe na chokaa hufa kuanzia juu. Paa likivuja, maji huilainisha chokaa, mbegu huota katika nyufa, mizizi huyasukuma mawe, na msukumo wa tao hufanya yaliyobaki. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Swali la Aynard

Mwaka 1906 Fontenay ilinunuliwa na Édouard Aynard, mwenye benki wa mji wa Lyon na mpenzi wa sanaa. Kiwanda kilikuwa kimekwisha kudidimia. Kwa miaka mitano, hadi 1911, Aynard alibomoa majengo ya kiwanda, akayafunua ya watawa, na kuyarudisha karibu na umbo lao la kale. Kwa kazi yake, na ya jamaa yake walioiendeleza, abasia iliingizwa mwaka 1981 katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Je, alitenda vyema? Wengi hujibu ndiyo bila kusita, nasi twamshukuru kwa kutuwezesha kuliona kanisa la mwaka 1147 karibu kama Papa Eugenius alivyoliona. Lakini mwanahistoria wa teknolojia hana budi kulia kidogo. Kiwanda cha akina Montgolfier na Seguin nacho kilikuwa historia, na ndicho kilicholiokoa kanisa. Miaka 115 ya ufundi wa karatasi ilifutwa ili karne ya 12 ionekane safi. Mwaka 1964 wataalamu wa majengo ya kale walikubaliana katika Mkataba wa Venice kwamba michango halali ya nyakati zote katika jengo iheshimiwe, na kwamba umoja wa mtindo si lengo la ukarabati. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, kanuni hiyo ni ya haki. Pale inapolazimu kuondoa tabaka moja, basi kwanza lipimwe, lichorwe na liandikwe, ili kizazi kijacho kijue kilichokuwapo.

Swali hili si la Wafaransa peke yao. Mwaka huo huo wa 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha hiyo hiyo. Huko nako mafundi walivuka nafasi kwa mawe, matao, dari za pipa na kuba, wakitumia matumbawe na chokaa. Na huko nako majengo yaliyoachwa bila paa yaliliwa na mvua, mizizi na bahari, hata yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004. Baada ya kazi ya ukarabati yaliondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014. Kazi kama hiyo haimaliziki. Inahitaji vijana wanaoijua chokaa, wanaoweza kupima ufa na kukadiria kani, na wanaojua kwamba hesabu wanayojifunza darasani ndiyo inayosimamisha kuta.

Mazoezi kwa wanafunzi

1. Tundika mnyororo mwepesi mbele ya karatasi, uchore umbo lake, kisha uipindue karatasi. Rudia kwa kuisogeza karibu miisho ya mnyororo. Ni umbo lipi litakalosukuma kuta kidogo zaidi, na kwa nini?

2. Kwa kutumia kanuni H = wL² ÷ 8h, tafuta msukumo wa tao lenye upana wa meta 4 na kimo cha meta 2, mzigo ukiwa kilonyutoni 10 kwa kila meta. Linganisha jibu lako na tao la upana wa meta 8 tulilolihesabu.

3. Pima kimo cha jengo refu la shule yako na ukadirie kivuli chake cha saa sita mchana mwezi Juni na mwezi Desemba. Je, waliojenga shule walilifikiria jua?

4. Chagua jengo la zamani katika wilaya yako, liwe la mawe, matofali au udongo. Litazame paa lake baada ya mvua na uandike maji yanapoingilia. Kisha jadilianeni darasani: lina kazi gani leo, na lisipokuwa na kazi, nani atakayeliziba?